Kuku wa Kucha Tatu

Mkahawa wa Mwaisha binti Rehani haukuwa na kibao wala jina. Lilikuwa banda la nguzo sita, limeezekwa nyasi, kando ya njia inayotoka sokoni kwenda boma la Wajerumani. Ndani mlikuwa na mikeka minne, jiko la mafiga na mtungi wa maji ya mtoni. Lakini mgeni aliyeshuka kwenye garimoshi miaka ile reli ilipofika Morogoro, akauliza pa kula, aliambiwa, "Nenda kwenye kucha tatu." Hakuhitaji kuelekezwa zaidi, maana harufu ya bizari na tui ilimpokea njiani.

Kuku walitoka mlimani, upande wa Kinole, kwa wanawake wa ukoo wake. Kwa Waluguru shamba hufuata mama, na kuku pia ni mali ya mwanamke. Ili kuku wa ukoo ule wasichanganyike na wa majirani, kifaranga alipopata nguvu alikatwa kidole kimoja cha kila mguu, akabaki na vitatu vitatu. Mwaisha alipopika hakutupa miguu. Aliiacha ndani ya mchuzi, pamoja na ndizi mbichi, na kila aliyepakuliwa aliukuta mguu juu ya sahani yake. Ilikuwa kama kusema: huyu ametoka kwetu, tazama mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Mumewe alikufa akichimba njia ya reli, kifusi kilimwangukia, naye akabaki mjini kwa sababu hakutaka kurudi mlimani na mikono mitupu. Alikuwa amesilimu siku ya kuolewa, na mpaka wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili tu katika dini. Jambo hilo lilimtia hofu kidogo kila siku. Watu wa pwani waliojaa mjini waliwaona watu wa mlimani kuwa wageni wa msikiti. Kwa hiyo hakumchinja kuku hata mmoja kwa mkono wake. Kila alfajiri, baada ya sala, Mwalimu Dadi, aliyefundisha watoto Kurani na kusalisha msikitini, alipita bandani akiwa na kisu chake. Aliwachinja kuku wote wa siku ile, akanawa, akaenda zake. Mchana alirudi kula, na Mwaisha alimwekea firigisi mbili kwenye kisahani cha peke yake. Kila mtu anajua firigisi ni ya nani. Ni ya baba mkwe, ni ya mgeni wa heshima, ni ya mwanamume ambaye nyumba inamtegemea. Mwaisha hakuwa na baba wala mume, heshima hiyo akampa Mwalimu Dadi.

Hatibu alikuja na reli. Alikuwa Mzaramo, mpishi wa kambi ya wajenzi wa njia, mtu mnene mwenye sauti nzuri na kanzu isiyo na doa. Siku ya kwanza aliingia bandani hata kabla ya kupiga hodi.

"Mtani! Leo umetupikia kuku au kunguru?"

"Nimekupikia babu yako," Mwaisha alijibu bila kugeuka. "Kula kwa heshima."

Banda zima likaangua kicheko. Wazaramo na Waluguru ni watani, na mtani husema analotaka. Anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo. Anaweza kulala katika kaburi lililochimbwa kwa ajili ya ndugu yako na kudai kilemba ndipo atoke. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Miezi minane Hatibu alikula pale, akatukana, akatukanwa, akachungulia jikoni na kuuliza kwa nini tui linatiwa mwisho, kwa nini ndizi hazikatwi kwa kisu. Mwaisha alimjibu yote. Hakuna anayemficha mtani chungu chake.

Mwezi wa tisa Hatibu aliacha kazi ya kambi, akajenga mkahawa karibu na stesheni, mkabala na duka la Noorali. Ulikuwa na mabati, mabenchi, na kioo kikubwa ukutani. Mwaisha alimpelekea kuku wawili wa kufungulia kazi, na wanawake wa ukoo wake wakawa wanamuuzia naye kuku wa kucha tatu.

Hatibu aliendelea na utani, ila sasa aliufanyia kwake, mbele ya abiria.

"Kwa Mwaisha?" alisema, akitikisa kichwa kwa huruma. "Ah, mtani wangu yule. Kule kwao mlimani kuku akianguka kwenye mwamba, basi ameshachinjwa."

Wenyeji walicheka. Wasafiri nao walicheka, lakini wao hawakujua nani mtani wa nani. Walipanda gari na maneno yale, wakayashusha Kilosa, wakayarudisha Dar es Salaam. Yaliporudi Morogoro hayakuwa utani tena. Watu walisema Mwaisha anapika vibudu, kuku waliokufa wenyewe, na kwamba mwanamke aliyesilimu juzi hajui tofauti. Hata wale waliocheka mwanzoni wakaanza kuyasikia upya, kwa sababu yaliletwa na watu wa mbali, na neno la mbali huonekana limepimwa.

Mkeka mmoja ukabaki mtupu, kisha miwili. Fundi viatu aliyekula pale kila siku alianza kupita upande wa pili wa njia, ameinamisha uso kama aliyeangusha sindano. Mwaisha alimwona. Aliwaona wote. Alikuwa na kumbukumbu nzuri sana ya nyuso, na wakati ule hakuna aliyeifikiria.

Akaenda kushtaki kwa akida. Baraza lilijaa. Alisimama katikati, akasema maneno machache: mtu huyu ameniharibia jina, naomba ayarudishe maneno yake hapa hapa.

Hatibu alifungua mikono. "Mzee, tangu lini mtani akashtakiwa kwa utani? Kesho nami nitamshtaki, amenilisha babu yangu."

Akida alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alimgeukia Mwalimu Dadi aliyekaa karibu naye. "Mwalimu, una neno katika hili?"

Mwaisha alimtazama. Mtu huyu ndiye aliyemchinja kila kuku aliyeingia chunguni mwake. Sentensi moja tu ingetosha: nimechinja mimi. Lakini Mwalimu Dadi alikuwa siku hizi akimchinjia Hatibu vilevile, kuku ishirini kwa siku, na mikeka mipya ya msikiti ilikuwa imeletwa na Hatibu. Tena hakupenda kuingizwa katika kicheko cha baraza. Alisogeza punje moja ya tasbihi.

"Mambo ya watani," alisema, "wayamalize watani."

Kesi ikaisha hapo. Mwaisha alirudi bandani, akalikoroga jungu la mchuzi ambalo hakuna aliyelila, akalimwaga kwenye mtaro. Jioni ile alikunja mikeka. Kuanzia siku iliyofuata aliuza uji na mihogo ya kuchemsha kwa vibarua ambao hawakuwa na dini ya kuchagua.

Wengine wanaodhulumiwa hulia, na kilio huwapunguzia. Mwaisha hakulia. Alipanda mlimani. Ilikuwa mwanzo wa masika, njia zikiteleza, na alifika kwa mama yake mdogo, Mosi, akiwa na matope mpaka magotini. Wanawake wa ukoo walikusanyika. Aliwaeleza yote, bila kuongeza chumvi.

"Amesema kuku zetu ni vibudu?" Mosi aliuliza. Alikuwa mzee mdogo, mweusi, mwenye meno yote.

"Amesema."

"Kuku niliowatemea mate ya uzima mimi mwenyewe?"

"Hao hao, mama."

"Basi hatawaona tena," Mosi alisema. "Hata unyoya."

Na kwa Hatibu hawakufika tena. Matenga ya kuku yalipita Bigwa, yakaingia mjini, yakauzwa kwa Wagoa, kwa askari, kwa yeyote, lakini si kwa Hatibu. Alituma watu na bei maradufu. Walirudi na matusi ya utani yaliyotungwa vizuri. Masika ikazidi, bonde la Kihonda likajaa maji, na kuku wa tambarare wakaadimika. Hatibu akawa ananunua vitetea vilivyokonda vinavyoletwa na gari. Kisha wateja, kwa kuwa walikuwa wamezoea, wakaanza kumuuliza.

"Hatibu, mbona miguu ya kuku wako ina kucha nne?"

"Mnakula mguu au mnakula kuku?"

"Tunauliza tu. Wale wa kucha tatu walikuwa watamu."

Aliwajibu kwa mzaha, lakini ilimchoma. Alikuwa na mabati na kioo na mapishi yake yote, ila hakuwa na kile kidole kisichokuwepo. Mwaisha, akiuza uji kando ya njia, aliyasikia hayo. Akaona mlango umefunguka.

Alfajiri ya Ijumaa moja Mosi alishuka na tenga la majogoo na makoo kumi na wawili. Mwaisha alimngoja kwenye kijito cha Kilakala, chini ya mteremko, mahali pasipopita watu mapema. Alichukua gunia, akalilowesha kijitoni, akalikunja mara mbili, akalifunika tenga lote. Kisha akalikalia.

"Mwanangu," Mosi alisema.

"Nyamaza, mama."

Chini yake kuku walipiga mbawa, wakapiga sana, tenga likatikisika. Mwaisha alikaa kama anayengoja nywele zake zisukwe. Taratibu mbawa zikapungua, zikawa moja moja, kisha pakabaki sauti ya kijito tu. Alikaa kidogo zaidi. Alipoinuka, kanga yake ilikuwa imelowa nyuma.

"Sasa sikiliza," alimwambia Mosi. "Peleka kwa Hatibu. Simama barazani, Noorali akusikie. Mwambie wamekufa. Usimdanganye hata neno moja. Nataka anunue akijua."

"Na akikataa?"

"Akikataa nitamwomba radhi mbele ya watu, na nitakufa nikiuza uji."

Alimaanisha. Hilo ndilo alilolisimulia mara nyingi baadaye, kwamba alimpa mlango wa kutokea.

Mosi alifika kwa Hatibu jua likiwa limepanda. Ilikuwa Ijumaa, na wanaume wote wangekuja kula baada ya sala. Hatibu alikuwa na vitetea vinne tu. Alifunua tenga, akashika mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso ukamng'aa.

"Kucha tatu! Mmelegea, eeh? Nilijua mtalegea."

"Wamekufa, mtani," Mosi alisema kwa sauti. "Wamekosa hewa njiani. Wote."

"Bado wa moto."

"Wa moto, lakini wamekufa. Mimi nimesema."

Hatibu aligeuza shingo huku na huku. Ng'ambo ya njia Noorali alikuwa akipima chumvi, mgongo ameupa barabara. "Shusha sauti, bibi," Hatibu alisema. "Kisu hakiulizi. Wapitishe nyuma."

Siku hiyo hakumwita Mwalimu Dadi. Aliwakata vichwa mwenyewe nyuma ya jiko, akawanyonyoa, akawatia chunguni. Na miguu, miguu ile ya vidole vitatu, aliiweka juu ya kila sahani, wima, kama bendera.

Mwaisha alikuwa amekaa barazani kwa Noorali, amejitanda kanga. Alimwambia mwenye duka, "Noorali, uliyasikia ya asubuhi?"

Noorali alimaliza kufunga bahasha ya pilipili manga kabla ya kujibu. "Niliyasikia, Bi Mwaisha. Sikupenda kuyasikia."

"Ukiulizwa?"

"Nikiulizwa siwezi kusema uongo siku ya Ijumaa."

Wanaume walitoka msikitini na kanzu zao, wakamiminika stesheni. Mabenchi yakajaa. Mwaisha aliwaona wakinawa. Alimwona fundi viatu. Alimwona Mwalimu Dadi akikalishwa mahali pa heshima, chini ya kioo, na kuwekewa kisahani chake. Angeweza kupaza sauti wakati ule, kabla ya tonge la kwanza. Njia ilikuwa nyembamba, wangemsikia. Alikaa. Alisikia sifa zikianza: "Leo ndiyo kuku!" "Hatibu, leo umerudi kwenye kucha tatu!" Alingoja mpaka Mwalimu Dadi alipotafuna firigisi ya pili na kulamba vidole. Ndipo akavuka.

"Mtani!" Hatibu alimpokea kwa mikono miwili. "Umekuja kuonja?"

"Nimekuja kutazama." Aliuchukua mguu mmoja kwenye sahani ya fundi viatu, akauinua. "Kuku wa kucha tatu. Wa mama yangu mdogo Mosi. Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Kuku hawa umewachinja wewe?"

Mwalimu Dadi alifuta mdomo. "Leo sikuitwa. Nilidhani ameitwa mwingine."

"Nani?"

Benchi moja likaacha kula, kisha jingine. Mosi aliingia akiwa na tenga tupu kichwani. "Nilimwambia wamekufa," alisema. "Aliniambia kisu hakiulizi."

"Mzee huyu amechanganyikiwa," Hatibu alisema.

"Noorali," Mwaisha aliita, bila kugeuka. "Njoo useme."

Noorali alikuja mpaka kizingitini, mikono yake ina chumvi. "Mama huyu alisema wamekufa," alisema. "Hatibu akasema wapitishe nyuma. Ndivyo nilivyosikia."

Kilichofuata hakikuwa na heshima. Wazee waliojitia manukato walikimbilia mtaroni, vidole kooni. Mtu alipiga kioo kwa sahani. Hatibu alisimama katikati, akacheka, akawatazama mmoja mmoja, akacheka tena.

"Jamani, ni utani! Mtani wangu ananitania!"

Mwaisha alimsogelea, akauweka ule mguu wa kuku mkononi mwake, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Ndiyo," alisema. "Nimekutania. Mbona hawacheki, mtani?"

Mwalimu Dadi peke yake hakukimbia. Aliinuka polepole, rangi imemtoka, akaja mpaka mbele ya Mwaisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Nilipokuwa nasalisha ulijua?"

"Nilijua."

"Aliyekula bila kujua hana dhambi," Mwalimu Dadi alisema. "Aliyelisha akijua, hesabu yake iko kwa Mungu. Na aliyekaa akatazama, akijua? Mwaisha, hata mimi?"

"Wewe hasa," alisema. "Na aliyekaa barazani kwa akida akanyamaza, akijua? Huyo hesabu yake iko wapi, mwalimu?"

Mwalimu Dadi alipita kando yake, akatoka. Waliokuwa karibu walisema alitikisa kichwa, wengine walisema aliinamisha tu.

Hatibu alikaa mjini mwezi mmoja tu. Mabenchi yake yalipata vumbi, naye akayang'oa mabati, akapanda gari kwenda Kilosa kuanza upya. Lakini jina lake lilikuwa limepanda gari la kabla yake, kama lile la Mwaisha lilivyopandishwa. Inasemekana alifika mbali zaidi, kila mahali pakiwa na abiria mmoja anayeuliza, "Wewe ndiye yule wa Morogoro?" Mwaisha aliposimuliwa hilo aliomba lirudiwe.

Yeye alitandika mikeka yake tena. Wateja walirudi, kwanza wawili, kisha banda likajaa kuliko zamani. Walijua alikuwa amekaa barazani akiwatazama wakila. Walilisema wakiwa njiani, si ndani. Zamani walikuja kwa sababu walimpenda. Sasa walikuja pia kwa sababu walimwogopa kidogo, na woga nao huleta wateja. Hakuna aliyemtania tena.

Na kila alfajiri Mwalimu Dadi alikuja. Hakuitwa, alikuja siku iliyofuata ile Ijumaa na hakukosa mpaka vita vya Wazungu vilipoanza na mji ukatawanyika. Tena sasa hakuchinja nyuma ya banda. Alichinja mbele, kando ya njia, na kulitaja jina la Mungu kwa sauti ya adhana, mpaka wanaokwenda sokoni wakasimama. Kisha akasema kwa sauti ileile, "Kuku wa Mwaisha binti Rehani, nimechinja mimi!" Sentensi aliyoinyima baraza aliilipa kila siku, kwa miaka.

Ila hakula. Mchana wa siku ya kwanza Mwaisha alimwekea firigisi mbili kwenye kisahani chake. Mwalimu Dadi alipita njiani, akaamkia watu, akaenda zake. Siku ya pili vivyo hivyo. Mwaisha hakumtuma mtu kumwita, wala yeye hakuuliza. Wiki nzima firigisi zilikaa pale zikipoa, na wanaume waliokuwa wakila walijifanya hawazioni.

Siku ya nane Mwaisha alipakua kama kawaida, akakiweka kisahani mahali pake, akangoja mpaka kanzu ya Mwalimu Dadi ilipopita na kupotea upande wa soko. Kisha akaja katikati ya mkeka wa wanaume, akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Fundi viatu alimsogezea nafasi. Akakichukua kisahani, akaila firigisi ya kwanza, akaitafuna sana, maana firigisi ni ngumu. Akaila na ya pili.  Akanawa, akarudi jikoni.

Tangu siku ile zilikuwa zake.